Urekebishaji wa viwanda vya magari kwa modeli mpya

Urekebishaji wa kiwanda cha magari ni kazi ya kubadilisha majengo, mitambo, vifaa na ujuzi wa wafanyakazi wa kiwanda kilichopo ili kiweze kutengeneza au kuunganisha gari ambalo hakijawahi kulitengeneza. Mara nyingi kazi hiyo huenda pamoja na upanuzi, yaani kuongeza nafasi au laini nyingine ya uzalishaji. Hata hivyo mambo hayo mawili ni tofauti. Kiwanda kinaweza kupanuliwa kikaendelea kutoa gari lilelile, na kinaweza kubadilika kabisa bila kuongezwa tofali hata moja.

Katika Afrika ya Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Viwanda vya Thika, Nairobi, Mombasa, Kibaha, Jinja na Kigali haviuzi magari mengi ya aina moja, hivyo huishi kwa kupokea modeli moja baada ya nyingine. Kiwanda kinachokosa modeli mpya baada ya ile ya zamani kuachwa sokoni hubaki ghala, na mafundi wake hutawanyika kwenye gereji za mitaani.

Ugumu wa modeli mpya

Anayelitazama gari jipya barabarani huona taa zimebadilika na pua imeinuka kidogo. Kwa kiwanda tofauti hizo ni kubwa. Bodi ya gari dogo imeundwa kwa mamia ya vipande vya bati vilivyochomelewa pamoja. Ili kila kipande kikae mahali pake wakati wa kuchomelewa, hushikwa na vishikizo vya chuma vilivyotengenezwa kwa modeli hiyo peke yake. Kishikizo kikipotoka kwa milimita chache, mlango hauingii sawasawa kwenye fremu yake na maji ya mvua hupenya ndani. Ndiyo maana vishikizo vya modeli ya zamani haviwezi kutumiwa tu kwa modeli mpya, hata kama magari hayo mawili yana jina moja.

Viwanda vikubwa vinavyoanza na bati lenyewe vina mzigo mwingine, yaani kalibu za kukandamizia bati. Kalibu ya ubavu wa gari ina uzito wa tani nyingi, hutengenezwa kwa miezi, na haifai kwa gari lingine lolote.

Sehemu inayozuia upanuzi kuliko zote huwa ni ya rangi. Bodi iliyochomelewa huoshwa, hutumbukizwa katika tangi la dawa ya kuzuia kutu, huingizwa kwenye tanuri, kisha hupakwa rangi tabaka kwa tabaka. Tangi na tanuri vina urefu na upana vilivyopangwa tangu siku ya kwanza. Kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya magari madogo hakiwezi kutumbukiza bodi ya basi, hata mwenye kiwanda apate oda nzuri kiasi gani. Kuongeza laini ya kufunga viti na matairi ni jambo la wiki au miezi, ilhali kujenga sehemu mpya ya rangi ni sawa na kujenga kiwanda kingine ndani ya kiwanda.

Baada ya rangi huja laini ya kuunganisha, ambako gari hupita kituo kwa kituo. Hapa tatizo ni muda. Laini inayotoa magari 16 katika zamu ya saa 8 inakipa kila kituo dakika 30. Modeli mpya ikiwa na nyaya nyingi zaidi, na kuzifunga kukachukua dakika 40, laini nzima husubiri kituo hicho kimoja. Wahandisi hulazimika kugawa kazi upya: baadhi ya nyaya zifungwe kituo kinachofuata, au aongezwe fundi wa pili. Katika viwanda vikubwa vya Ulaya na Asia, ambako kituo hupewa kama dakika moja tu, upangaji huo huchukua miezi mingi kabla gari la kwanza kuuzwa.

Mwishoni kuna vipimo: breki, mwelekeo wa taa, mpangilio wa magurudumu, na chumba cha kunyunyizia maji ili kuona kama gari linavuja. Hivi navyo hubadilishwa kulingana na ukubwa na uzito wa gari jipya.

Mifano ya kihistoria

Mfano unaojulikana zaidi wa kiwanda kisichojiandaa ni wa Ford ya Marekani. Modeli T ilianza kuuzwa mwaka 1908, na tangu 1913 iliunganishwa kwa laini inayotembea katika kiwanda cha Highland Park. Mitambo yote ilitengenezwa kwa ajili ya gari hilo moja, na hiyo ndiyo iliyolifanya kuwa rahisi. Zaidi ya magari milioni 15 yalitengenezwa. Wateja walipoanza kutaka kitu kingine, Ford haikuwa na njia ya kubadilika polepole. Uzalishaji wa Modeli T ulisimamishwa Mei 1927, viwanda vikafungwa kwa miezi, mashine zikang'olewa au kutengenezwa upya, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Detroit wakakaa bila kazi. Modeli A ilitoka Desemba mwaka huohuo. Wakati huo General Motors, ambayo ilizoea kubadilisha magari yake kila mwaka kwa hatua ndogondogo, ilikuwa imeshachukua wanunuzi wengi.

Toyota ya Japani ilikuja na jibu lingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili soko la Japani lilikuwa dogo, na kampuni haikuweza kuwa na shinikizo moja kwa kila kipande cha bati. Ilibidi shinikizo moja litumike kwa vipande vingi, kwa kubadilisha kalibu mara kwa mara. Mhandisi Shigeo Shingo alieleza jinsi kubadilisha kalibu za shinikizo la tani 1,000, kazi iliyokuwa ikichukua saa 4, kulivyopunguzwa hadi dakika 3. Siri haikuwa mashine mpya. Kazi zote zinazoweza kufanywa wakati shinikizo bado linatembea zilifanywa mapema, na boliti nyingi ziliondolewa na kuwekwa vibano vya haraka. Kwa viwanda vya Afrika ya Mashariki mfano wa Toyota una mafunzo mengi kuliko ule wa Ford, kwa sababu ulizaliwa na uhaba wa wateja.

Mfano wa karibuni ni kiwanda cha Volkswagen mjini Zwickau, Ujerumani, mji uleule uliotoa gari la Trabant hadi 1991. Kwa gharama ya takriban yuro bilioni 1.2 kiwanda hicho kiligeuzwa kutoka magari ya petroli na dizeli kuwa cha magari ya umeme pekee. Gari la umeme la ID.3 lilianza kutengenezwa Novemba 2019, na gari la mwisho la injini lilitoka Juni 2020. Kwa miezi kadhaa aina zote mbili zilitengenezwa katika kiwanda kimoja, huku sehemu moja ikitoa magari na nyingine ikivunjwa na kujengwa upya. Uwezo uliokusudiwa ulikuwa magari 330,000 kwa mwaka.

Kuunganisha vipande Afrika ya Mashariki

Idadi hiyo ya Zwickau inafaa kulinganishwa na soko la hapa. Hata katika mwaka mzuri kama 2015, magari mapya yote yaliyouzwa nchini Kenya, ya kampuni zote na aina zote, hayakufika 20,000. Magari mengi zaidi yanayoingia barabarani ni yale yaliyokwisha kutumika nje. Nchini Tanzania hali ni hiyohiyo: mabasi madogo ya Toyota Hiace yanayobeba abiria Musoma, Bunda na miji mingine mingi yalitengenezwa Japani, na mengi yalitumika huko kwanza.

Udogo wa soko hubadilisha hesabu yote. Tuseme vishikizo vya modeli moja vinagharimu dola 500,000. Vikitumika kwa magari 100,000, kila gari linabeba dola 5 za gharama hiyo. Vikitumika kwa magari 500, kila gari linabeba dola 1,000. Kwa hiyo viwanda vya Afrika ya Mashariki havikandamizi bati wala havitumii roboti nyingi. Hupokea gari likiwa vipande ndani ya makasha kutoka Japani, China, India, Ulaya au Afrika Kusini, na kuliunganisha kwa mikono na vifaa vyepesi.

Kuna viwango vya kuunganisha. Katika kiwango cha chini gari huja karibu kamili, limeondolewa tu magurudumu, injini au viti. Katika kiwango cha kati bodi huja imeshachomelewa na kupakwa rangi. Katika kiwango cha juu bati huja vipandevipande, na kiwanda hufanya kazi ya kuchomelea na kupaka rangi chenyewe. Kiwanda kinachoongeza modeli mpya mara nyingi huanza na kiwango cha chini ili kupima soko, kisha hupanda oda zikiongezeka. Tatizo ni kwamba wengine hawapandi kamwe.

Serikali hujaribu kusukuma upandaji huo kwa kodi. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, vipande vinavyoletwa na viwanda vilivyoidhinishwa husamehewa ushuru wa forodha, wakati magari madogo mengi yanayoletwa yakiwa kamili hutozwa asilimia 25 au zaidi. Vilevile viwanda huhimizwa kununua vifaa vinavyopatikana nchini, kama vile viti, springi, vioo, betri na nyaya. Hapo urekebishaji hutoka nje ya geti la kiwanda: fundi wa springi naye anahitaji vipimo vipya kila lori linapobadilishwa, na oda ya seti 200 huenda isimlipe gharama ya kubadilisha vifaa vyake.

Kenya

Viwanda vitatu vya Kenya vilianzishwa katikati ya miaka ya 1970, serikali ilipotaka magari yaunganishwe nchini. Leyland Kenya ilianzishwa Thika mwaka 1974 na kubadilishwa jina kuwa Kenya Vehicle Manufacturers (KVM) mwaka 1989. General Motors Kenya iliundwa mwaka 1975 na kuanza kazi Nairobi mwaka 1977. Baada ya General Motors kuuza hisa zake mwaka 2017 ikawa Isuzu East Africa. Cha tatu ni Associated Vehicle Assemblers (AVA) cha Mombasa, karibu na bandari inayopokea makasha.

KVM na AVA hufanya kazi kwa mkataba. Si watengenezaji wenye gari la jina lao. Huunganisha magari ya kampuni yoyote inayolipa. AVA imeunganisha malori ya Mitsubishi Fuso na Scania, Land Cruiser za Toyota, magari ya Mahindra na Proton. Faida ya utaratibu huu ni kwamba chapa moja ikipungukiwa wateja, nyingine huziba pengo. Hasara yake ni kwamba kila chapa huja na vifaa vyake, vipimo vyake na wakaguzi wake, na sakafu ileile lazima ipangwe upya kila mara. Fundi wa kiwanda cha namna hii hujua magari mengi kuliko mwenzake wa Ulaya, ambaye huenda akafunga mlango uleule kwa miaka mitano.

Desemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alizindua uunganishaji wa Volkswagen Polo Vivo katika KVM, kwa vipande vilivyotoka kiwanda cha Volkswagen cha Afrika Kusini. Lengo la mwanzo lilikuwa magari 1,000 kwa mwaka, kisha 5,000. Mauzo yalibaki chini sana ya malengo hayo. Kiwanda kilikuwa tayari na mafundi walikuwa wamefundishwa. Kilichokosekana ni wanunuzi walio tayari kulipa bei ya gari jipya dogo wakati gari kubwa zaidi lililotumika Japani lilikuwa likiuzwa jirani kwa bei hiyohiyo au chini yake.

Isuzu ilifanikiwa zaidi kwa kuchagua malori na mabasi, ambayo mnunuzi wake ni mfanyabiashara anayehesabu vipuri na uimara. Tena njia yake ya kupata modeli nyingi ni nyepesi. Chesisi hutoka kiwandani Nairobi ikiwa na injini, gia na usukani, kisha hupelekwa kwa wajenzi wa bodi wanaoifanya matatu ya viti 33, basi la shule au lori la maziwa. Hivyo gari moja la kiwandani huzaa magari kadhaa sokoni, na gharama ya mabadiliko hubebwa na karakana nyingi ndogo badala ya laini moja kubwa.

Kenya iliwahi kujaribu pia gari la kwake. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kubuni gari, na mwaka 1990 magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa. Yalitengenezwa matano tu. Gari la mfano hutengenezwa na mafundi wachache hodari wanaopiga bati kwa nyundo hadi likubali; kiwanda kinahitaji kalibu, vishikizo na wauzaji wa vipuri, na fedha za kuvipata hazikupatikana.

Uganda na Rwanda

Nchini Uganda safari ilianza vilevile na gari la mfano. Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili, lilijaribiwa na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011. Likafuatwa na Kiira EV Smack mwaka 2014 na basi la Kayoola lenye paneli za jua mwaka 2016. Tofauti na Nyayo Pioneer, kampuni ya serikali, Kiira Motors, iliundwa ili kujenga kiwanda. Uamuzi wa busara ulikuwa kuacha gari dogo na kuchagua mabasi. Basi huuzwa kwa idadi ndogo, mnunuzi wake huwa ni kampuni au mamlaka ya mji, na bodi yake inaweza kujengwa kwa mabomba ya chuma na mabati bila kalibu ghali.

Kiwanda cha Jinja, kwenye eneo la ekari 100, kilikuwa bado kinajengwa na shirika la jeshi la NEC mabasi ya Kayoola EVS yalipohitajika. Yakatengenezwa kwanza katika kiwanda cha jeshi cha Luwero Industries, Nakasongola, kwa kushirikiana na kampuni ya China ya CHTC. Mahali palipojengwa kwa kazi nyingine kabisa pakageuzwa kwa muda kuwa kiwanda cha mabasi. Cha Jinja kilipangwa kuanza na uwezo wa magari 5,000 kwa mwaka.

Volkswagen ilifungua kiwanda Kigali Juni 2018, ikianza na Polo. Ingawa Kigali na Thika haziko mbali, haziwezi kugawana makasha: Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara na usukani hukaa kushoto, ilhali Kenya, Uganda na Tanzania ni kinyume. Kuhamisha usukani hubadilisha dashibodi, nyaya na mpangilio wa pedali, kwa hiyo kwa kiwanda ni kama modeli mbili.

Tanzania

Jaribio la Tanzania la kubuni gari lake ni la Kituo cha Teknolojia ya Magari cha Kibaha, kinachojulikana zaidi kwa jina la Nyumbu na kinachohusiana na Jeshi la Wananchi. Lilianza wakati wa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, na lori lake likapewa jina la mnyama ambaye makundi yake huvuka tambarare za Serengeti mkoani Mara kila mwaka. Lilikusudiwa kuwa gari rahisi, lenye nguvu, linaloweza kutengenezwa porini. Halikufikia uzalishaji wa kibiashara, lakini kituo kimebaki na kimeendelea na kazi nyingine za uhandisi.

Kibaha hiyohiyo kuna eneo la TAMCO, ambako malori ya Scania yaliunganishwa hadi kazi iliposimama. Eneo hilo liko chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), na limegawiwa kwa viwanda vya aina mbalimbali. Miongoni mwao ni GFA, kinachounganisha malori ya FAW ya China. Malori yamerudi mahali pa malori, lakini kwa chapa nyingine na mitambo mingine. Kati ya vipindi hivyo viwili ulikuwepo ukimya wa miaka mingi, wa kutosha kwa kizazi cha mafundi kustaafu.

Kazi kubwa ya kubadilisha magari nchini hufanyika nje ya viwanda. Hiace zilizoletwa kama gari za mizigo hukatwa madirisha na kufungwa viti vya abiria. Land Cruiser hukatwa katikati, hurefushwa na kufunguliwa paa katika karakana za Arusha kwa ajili ya watalii wa Serengeti. Mafundi hao hutengeneza vishikizo vyao wenyewe kwa modeli mpya, na hujua ni wapi chesisi ikichomelewa vibaya itapasuka barabarani. Ni ujuzi uleule unaohitajika viwandani, ingawa ni nadra kuhesabiwa hivyo.

Magari ya umeme

Gari la umeme huondoa kazi nyingi kwenye laini: hakuna injini, bomba la moshi, tangi la mafuta wala rejeta kubwa. Badala yake huja betri ambazo kwa basi zinaweza kuzidi tani moja. Huhitaji mashine za kuinulia, sakafu imara, ghala lililokingwa dhidi ya moto, na mafundi waliofundishwa kukata umeme wa volti mamia kadhaa kabla ya kugusa waya. Umeme wa kiwanda wenyewe lazima uongezwe ili kuchaji magari kabla ya kuyajaribu.

Kwa viwanda vya mkataba mabadiliko haya yameleta wateja wapya. Kampuni ya BasiGo ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2022 na mabasi ya BYD yaliyoletwa yakiwa kamili, ilianzisha laini yake katika KVM, Thika, mwaka 2024. Jengo lililowahi kuunganisha Land Rover za dizeli sasa hupokea mabasi yasiyo na injini. Laini kama hiyo haihitaji magari 100,000 ili ijilipe, kwa sababu vishikizo ni vichache na mnunuzi hulipia basi kidogokidogo kulingana na kilomita. Lakini betri bado hutoka nje, nazo ndizo sehemu ghali kuliko zote katika basi hilo.